Ekzosi iliyotoboka: Usipuuze ngurumo ya gari lako

Ndugu msomaji, safu ya afya na usafi kwa kawaida huzungumzia maji ya kunywa, vyoo, lishe na maradhi ya watoto. Leo tunaingia uvunguni mwa gari. Usishangae. Bomba la kutolea moshi, ambalo wengi wetu tunaliita ekzosi, likitoboka linaweza kuwadhuru watu wa familia nzima kwa wakati mmoja, wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, na wasijue kinachowapata.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu zaidi ya kulifahamu jambo hili. Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, baridi ya Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa huwafanya abiria wafunge vioo vyote hadi juu. Baba anaendesha, mama amemfunika mtoto blanketi kiti cha nyuma, na gari linanguruma kuliko lilivyokuwa mwezi uliopita. Lakini kwa kuwa linatembea, safari inaendelea. "Ni ekzosi tu hiyo, tutaitengeneza tukifika." Maneno hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya.

Gesi isiyobisha hodi

Petroli au dizeli inapoungua ndani ya injini, hutoa moshi wenye mchanganyiko wa gesi nyingi. Hatari kuliko zote kwa aliyemo ndani ya gari ni kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho wala koo. Harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine vinavyofuatana nayo. Kwa hiyo usiseme, "mbona sisikii harufu yoyote," ukadhani uko salama. Injini ya petroli ndiyo inayoitoa kwa wingi zaidi, ingawa moshi wa dizeli nao una madhara yake mengi.

Kazi ya damu ni kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuifikisha mwilini. Kaboni monoksaidi ikivutwa, hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ikishakaa mahali pa oksijeni haitoki upesi. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na usingizi mzito. Baadaye mtu huchanganyikiwa, hupoteza fahamu na anaweza kufariki. Dalili hizi ni rahisi sana kudhaniwa kuwa ni malaria, mafua, au kutapika kwa kawaida kwa mtu asiyezoea safari. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma huonekana amechoka tu, kumbe anazidiwa.

Iko alama moja itakayokusaidia kutofautisha. Malaria haiwashiki watu wanne kwa nusu saa moja. Ukiona watu wawili au watatu ndani ya gari wanalalamika kichwa kwa pamoja, kisha mkishuka kwa muda mnapata nafuu, na mkirudi ndani kichwa kinaanza tena, basi lishuku gari kabla ya kumshuku mbu.

Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye maradhi ya moyo na upungufu wa damu, na akina mama wajawazito. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu na huchelewa kuiachia, hivyo mama anaweza kuwa amepata nafuu huku mtoto bado yuko katika shida.

Aidha, tukumbuke tunaishi juu. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na Mbeya uko karibu mita 1,700. Katika mwinuko wa Mbeya kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Mwili uliozoea hauoni tabu, lakini akiba yake ni ndogo. Na magari ya zamani yenye kabureta hupata hewa haba huku mafuta yakibaki mengi, na kwa hali hiyo hutoa kaboni monoksaidi nyingi zaidi yakiwa milimani.

Njia ya moshi kutoka mbele hadi nyuma

Ili ujue moshi unavujia wapi, ifahamu kwanza njia yake. Moshi ukitoka kwenye injini huingia katika manifoldi, yaani kile chuma chenye matawi kilichofungwa ubavuni mwa injini kwa bolti, na katikati yake kuna gasketi ya kuziba. Kutoka hapo unashuka kwenye bomba. Magari mengi yana kipande kinachonyumbulika, fleksibo, ili mtikisiko wa injini usilivunje bomba. Halafu hufuata masega, chombo chenye matundu madogo mengi kama masega ya nyuki, ambacho kazi yake ni kuipunguza sumu. Baada ya hapo kuna sailensa, ambayo wengine huiita mafla, inayopunguza sauti. Mwisho ni mkia wa bomba. Vyote hivi huning'inia kwenye raba maalumu chini ya gari.

Katika magari mengi injini iko mbele, mbali kidogo na abiria. Lakini Hiace za zamani na zile Noah za zamani, ambazo familia nyingi zimezitumia kwa harusi, maziko na safari za Idi, injini zake ziko chini ya viti vya mbele. Manifoldi ikivuja kwenye gari la namna hii, kilichopo kati ya moshi na watu ni mfuniko wa chini ya kiti na raba yake. Raba hiyo ikiwa imechakaa, au fundi alifungua mfuniko akarudisha bolti mbili badala ya nne, moshi unaingia moja kwa moja.

Ni kitu gani huitoboa ekzosi? Cha kwanza ni kutu. Moshi una mvuke wa maji, na gari linalotembea safari fupi fupi asubuhi ya baridi, kama vile kutoka Kihesa hadi Miyomboni, halipati joto la kuukausha. Maji hubaki ndani ya sailensa na kuila kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo maana sailensa huonekana nzima kwa macho, kumbe imebaki ganda. Kwa wenzetu wa Tukuyu na Rungwe, mvua nyingi na matope huila kutoka nje. Cha pili ni mawe na makorongo ya barabara za vijijini. Cha tatu ni raba za kuning'inizia zilizokatika, kwani bomba lisiloshikwa vizuri huchezacheza hadi linapasuka kwenye maungio.

Sikiliza: kila sauti ina maana yake

Ngurumo ya ekzosi ni taarifa. Ukiisikiliza vizuri, itakupeleka karibu na tatizo kabla hujamlipa fundi.

Ukisikia sauti ya haraka haraka ya "tek-tek-tek" kutoka kwenye injini asubuhi, inayozidi ukikanyaga mafuta na kupungua au kupotea injini ikipata moto, shuku gasketi ya manifoldi au ufa kwenye manifoldi yenyewe. Chuma kikipata moto hutanuka na kuuziba ufa kwa muda. Wengi hudanganyika hapa. Sauti ikipotea wanadhani gari limepona.

Ukisikia ngurumo nzito chini ya miguu yako au chini ya viti vya katikati, huenda fleksibo imepasuka au bomba limetoboka kabla ya sailensa.

Ngurumo ikiwa nyuma, kama ya trekta, na inaongezeka kidogo kidogo wiki hadi wiki, hiyo kwa kawaida ni sailensa iliyooza.

Sauti ya kuzomea au filimbi nyembamba wakati wa kupanda mlima ni dalili ya tundu dogo au maungio yaliyolegea. Sauti ya chuma kugonga sakafu ukipita kwenye tuta ni raba iliyokatika. Sauti ya kokoto kwenye kopo ni masega yaliyovunjika ndani, au vizuizi vya ndani ya sailensa vilivyoachia.

Vilevile, ukiwa unateremka Kitonga na umeachia mafuta, ukasikia ekzosi inapiga "pa! pa!" kama baruti, inawezekana hewa ya nje inaingia kupitia tundu na kukutana na mafuta ambayo hayajaungua. Zipo sababu nyingine za sauti hiyo zinazotokana na injini, kwa hiyo mwambie fundi akague vyote viwili.

Tahadhari: sauti ni onyo, lakini ukimya si ushahidi wa usalama. Tundu dogo karibu na injini linaweza kupitisha gesi ya kutosha bila ngurumo yoyote ya kukusumbua. Na kuna wanaoongeza sauti ya redio ili wasiisikie ekzosi. Hao wamejifungia na adui ndani.

Jinsi ya kukagua mwenyewe

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Ufanye mahali pa wazi, ardhi iliyo sawa, breki ya mkono imekazwa na magogo au mawe makubwa yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza, na wamekufa watu kwa kosa hilo. Tumia stendi imara, au mpelekee fundi mwenye shimo la kukagulia.

Hatua ya kwanza, injini ikiwa imezimwa na imepoa kabisa, angalia kwa tochi kuanzia manifoldi hadi mkia. Tafuta masizi. Mahali moshi unapovujia huacha alama nyeusi au ya kijivu kwenye chuma, hasa kwenye maungio na kando ya gasketi. Gonga bomba na sailensa taratibu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe bovu au hubonyea. Shika bomba ulitikise kidogo uone kama raba zote zimelishika.

Hatua ya pili, washa injini ingali ya baridi. Mwenzako avae glovu nene na kuziba mkia wa bomba kwa kitambaa kilicholowa, kwa sekunde chache tu, akiwa amesimama pembeni na uso wake mbali na moshi. Ekzosi nzima itasukuma kitambaa kwa nguvu. Ekzosi yenye tundu itazomea mahali pengine, na wewe utasikia ni wapi. Kipande cha mpira wa maji, ncha moja ukiisogeza sikioni na nyingine ukiipitisha karibu na maungio, hukusaidia kupata mahali hasa. Angalia tu kisiguse feni, mkanda wala chuma cha moto.

Hatua ya tatu, changanya maji na sabuni, uyapake kwenye maungio ya bomba mara tu injini inapowashwa, kabla chuma hakijapata moto. Mapovu yakitokea, pameshajulikana. Acha mara bomba linapoanza kupata joto, maana ndani ya muda mfupi litakuwa la kukuunguza.

Hatua ya nne ni upande wa ndani ya gari, na mafundi wengi huisahau. Inua mazulia uangalie sakafu kama imetobolewa na kutu au kama vizibo vya raba vimetoka. Kagua raba ya mlango wa nyuma. Kwenye Hiace na Noah za zamani, kagua mfuniko wa injini chini ya viti. Moshi hauwezi kuingia bila mlango, nawe funga milango hiyo hata kama ekzosi umeshaitengeneza.

Mlango wa nyuma ulio wazi

Ipo tabia ya kufungua mlango wa nyuma ili mzigo mrefu upite. Mtu amenunua mabati au mbao Mwanjelwa, analifunga buti kwa kamba likiwa nusu wazi, na familia iko ndani. Gari likitembea, hewa huzunguka nyuma yake na kuuvuta moshi wa mkia uingie ndani, hata kama ekzosi haina tundu hata moja. Kama hakuna budi, mzigo uende na gari jingine, au abiria washuke.

Hali kadhalika kwa kubeba watu nyuma ya pikapu iliyofunikwa kwa turubai. Mwaka 1992 jarida la madaktari la JAMA nchini Marekani lilichapisha taarifa ya watoto 20 waliotibiwa jijini Seattle kwa sumu ya kaboni monoksaidi baada ya kupanda nyuma ya pikapu. Kumi na saba walikuwa chini ya kibanda kilichofungwa, na watatu walikuwa chini ya turubai. Kumi na watano walipoteza fahamu. Mmoja alifariki na mwingine alibaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Katika magari yote hayo, ama ekzosi ilikuwa inajulikana kuwa inavuja, au mkia wa bomba ulikuwa unatokea nyuma badala ya ubavuni. Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Wapo waliojua kuwa ekzosi inavuja, na safari ikaendelea.

Matengenezo yanayofaa na yasiyofaa

Ama kwa upande wa matengenezo, tatizo kubwa ni kwamba mara nyingi tunatibu kelele tukaiacha sumu. Kopo la maziwa lililokunjwa na kufungwa kwa waya linaweza kupunguza ngurumo kwa wiki mbili. Gesi inaendelea kupita pembeni. Sasa huna hata ile sauti ya kukuonya.

Gasketi ya manifoldi ikiungua, dawa ni gasketi mpya. Fundi asafishe nyuso zote mbili, akague kama manifoldi haijapinda, na akaze bolti kwa zamu kuanzia katikati kwenda pembeni. Bolti zenye kutu zilowekwe kwa mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha, vinginevyo zitakatikia ndani na gharama itaongezeka mara kadhaa.

Manifoldi yenye ufa, ikiwa ni ya chuma cha kusubu, haichomelewi kama geti. Chuma hicho kinahitaji fito maalumu na kupashwa moto kwanza, la sivyo kitapasuka tena pembeni mwa kiraka. Mara nyingi kununua iliyotumika lakini nzima ni nafuu kuliko kuchomelea mara tatu.

Bomba lililotoboka sehemu moja linaweza kukatwa kipande kibovu na kuunganishwa kipya cha unene uleule. Kiraka juu ya chuma kilichooza hakishiki. Usikubali bomba la maji lenye mng'ao wa zinki litumike. Likichomelewa hutoa mvuke unaomletea fundi homa na kifua kubana, naye ana familia kama wewe. Kabla ya kuchomelea, nyaya za betri zitolewe, mazulia ya juu ya sehemu hiyo yainuliwe, na mtu asimame na mchanga au mtungi wa kuzimia moto, kwani bomba la mafuta na tangi haviko mbali.

Sailensa iliyooza ibadilishwe. Raba zilizokatika zibadilishwe kwa raba, si kwa waya, kwa sababu waya hauna mnyumbuko na mtikisiko wote utahamia kwenye bomba. Bandeji na gundi za ekzosi zinazouzwa madukani ni za kukufikisha kwa fundi tu, si za kukupeleka Dar es Salaam.

Tunapenda pia kusema juu ya masega. Wapo mafundi wanaokushauri uyatoe, uweke bomba tupu, kwa madai kwamba gari litakuwa na nguvu na litatumia mafuta kidogo. Fahamu kuwa ndani ya masega mna madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanunuzi. Masega yakiwa mazima na yamepata moto, hugeuza sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi kuwa gesi isiyo na sumu kali kiasi hicho. Ukiyatoa, kila tundu litakalotokea baadaye litavujisha moshi wenye sumu nyingi zaidi. Masega yakiziba kweli, gari hukosa nguvu milimani, na hapo fundi akuoneshe ushahidi wa kipimo kabla ya kukata.

Baada ya matengenezo usilipe na kuondoka. Rudia majaribio yale yale mbele ya fundi, injini ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Baada ya wiki moja rudi akaze bolti, kwani chuma kipya hulegea kinapopata moto na kupoa mara kadhaa.

Jirani naye ana haki

Ngurumo haimsumbui mwenye gari peke yake. Gari linalowashwa saa kumi na moja alfajiri na kuachwa lingurume dakika kumi na tano humwamsha mgonjwa, mzee na mama aliyejifungua juzi. Uislamu umesisitiza sana haki ya jirani, na kumwondolea mtu usingizi na kumpulizia moshi dirishani ni kumuudhi. Injini nyingi za sasa hazihitaji muda huo wote. Nusu dakika au dakika moja yatosha, kisha uondoke taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu hadi injini ipate moto. Tukienda kuswali Alfajiri, tusiegeshe gari linalonguruma chini ya madirisha ya msikiti.

Vijana wanaokata sailensa makusudi ili gari au pikipiki ipige kelele wafahamu kwamba wanagusa pia sheria. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2015 zilitolewa kanuni mahususi za kudhibiti kelele na mitetemo.

Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache, hata kama mlango mmoja uko wazi. Nyumba zetu nyingi zina banda la gari lililoungana na chumba cha watoto. Moshi hupita darini na chini ya milango. Litoe gari nje kwanza, kisha fanya mengine.

Na kwa kuwa tumetaja nyumba, gesi hii hii ndiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kupata joto usiku wa baridi. Mkaa ulioshika moto vizuri hautoi moshi, na watu hudhani hauna madhara. Asiyekubali jiko chumbani asikubali pia ekzosi iliyotoboka garini. Muuaji ni yule yule.

Mtu akizidiwa njiani

Mkiwa safarini na abiria akaanza kulalamika kichwa, kutapika au kulegea, simamisha gari mahali salama, zima injini, fungua milango yote na uwatoe watu wote nje, wakiwemo waliolala. Usimwache mtoto kwa kuwa "amelala vizuri." Mwamshe. Asiyeamka ni mgonjwa wa dharura. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe ubavu, na asilazimishwe kunywa maziwa wala kitu kingine chochote. Asiyepumua asaidiwe kupumua na anayejua, huku msaada ukitafutwa.

Mpelekeni hospitali kwa gari jingine. Kwenye barabara kuu ya Tanzam magari hayakosekani. Mkifika, mwambieni daktari maneno haya: "Tulikuwa ndani ya gari lenye ekzosi inayovuja." Sentensi hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonesha kuwa oksijeni inatosha wakati haitoshi. Hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu hii.

Tiba yake ni oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, huchukua kama saa nne hadi tano kupunguza nusu tu ya gesi iliyomo kwenye damu. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu. Kwa hiyo usimpe mgonjwa dawa ya malaria na kumlaza nyumbani ukisubiri asubuhi. Mjamzito apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Kabla ya safari ijayo

Ikiwa kuna safari ya Idi, ya harusi au ya kuwarudisha watoto shule, lichukue gari siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia safari. Fanya ukaguzi tulioueleza, muda wake hauzidi nusu saa. Likiwa ni gari la kukodi, una haki ya kuuliza, na una haki ya kulikataa ukisikia ngurumo chini ya viti. Msafara wa kupanda Kitonga nyuma ya malori, mwendo wa polepole na vioo vimefungwa, ndio mahali ambapo tundu dogo huonesha ubaya wake, kwani injini inafanya kazi kubwa na upepo wa kuuondoa moshi haupo.

Kufungua kioo kidogo si dawa ya ekzosi mbovu. Kunaweza kupunguza gesi, na wakati mwingine huivuta iingie zaidi. Kama gari limeshaanza kunguruma na bado hujapata fedha ya fundi, basi familia isipande. Bei ya gasketi na kipande cha bomba inajulikana, na inaweza kukusanywa kidogo kidogo. Uhai wa mtoto aliyelala kiti cha nyuma haununuliwi tena ukishapotea.

Allah Atuhifadhi sisi na familia zetu. Wabillahi Tawfiq.